Kitendawili cha Pauni 500: Edgar Wallace na Sharti Alilolisahau

Utegaji wa vitendawili una sheria yake. Mtegaji anatega, wasikilizaji wanabahatisha, wakishindwa wanampa mji. Anaupokea, anatamba nao, ndipo anatoa jibu. Wakitegua, hana alichopoteza, anatafuta kingine. Mwaka 1905, mjini London, mwandishi wa gazeti aitwaye Edgar Wallace alitega kitendawili cha kitabu kizima na kuipindua sheria hiyo. Atakayetegua ndiye atakayepewa mji, na mji wenyewe ulikuwa fedha taslimu, pauni 500.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kwa sababu kila nikisoma habari za Wallace naona kinajirudia. Mtu huyu aliandika riwaya zaidi ya 170, tamthilia 18 na hadithi fupi zinazokaribia elfu moja. Wachapishaji wake walimwita mfalme wa hadithi za kusisimua, na kuna wakati walidai kwamba, ukiacha Biblia, kati ya kila vitabu vinne vilivyosomwa Uingereza kimoja kilikuwa chake. Hata hivyo alikufa akidaiwa. Watu husema aliandika sana kwa kuwa alikuwa na kipaji. Kipaji alikuwa nacho, sikatai. Lakini wenye kipaji ni wengi, na hawaandiki riwaya 170. Kilichomsukuma Wallace ni deni, na deni la kwanza kubwa lilianzia kwenye sharti moja ambalo halikuandikwa.

Kwanza tumjue. Alizaliwa Greenwich tarehe 1 Aprili 1875, mtoto wa waigizaji wawili ambao hawakuoana. Mama yake hakuwa na uwezo wa kumlea na kuendelea na kazi ya jukwaani, akamkabidhi kwa familia ya mchukuzi wa samaki katika soko la Billingsgate. Watu hao maskini walimlea kama wa tumbo lao. Shule aliiacha akiwa na miaka 12. Aliuza magazeti Ludgate Circus, hatua chache kutoka Fleet Street walikokaa wenye magazeti; akafanya kazi ya kupeleka maziwa, ya kiwandani, hata ya jikoni ndani ya meli ya wavuvi. Mwaka 1894 akajiunga na jeshi, na jeshi likampeleka Afrika Kusini.

Huko ndiko alikoonyesha alivyo. Vita vya Waingereza na Makaburu vilipokuwa vikimalizwa kwa mazungumzo huko Vereeniging, Mei 1902, waandishi wa habari walizuiwa kukaribia kambi. Wallace, wakati huo akiwa mwandishi wa Daily Mail, alikuwa na rafiki miongoni mwa askari walinzi. Wakapatana. Yeye atakuwa akipita kwa treni, na rafiki yake atasimama penye uzio na kujipangusa pua kwa leso. Rangi ya leso ndiyo habari, na nyeupe maana yake amani imepatikana. Siku leso nyeupe ilipotokea, simu ya maandishi ikaenda London ikiwa imefichwa ndani ya lugha ya biashara ya hisa ili isikamatwe na wakaguzi. Daily Mail likajua kabla ya wote. Lord Kitchener, mkuu wa majeshi ya Uingereza huko, alikasirika, na Wallace akapoteza kibali cha kuripoti vita.

Nimekitaja kisa cha leso kwa makusudi. Mtu aliyebuni mpango ule hakuwa mzembe wa akili. Alipanga ishara, akapanga njia, akapanga na namna ya kumkwepa mkaguzi. Kwa hiyo swali la kilichotokea 1905 haliishii kwenye jibu la haraka kwamba hakuwa makini.

Turudi London basi. Mwaka 1905 Wallace ameshaoa, ana mtoto, ana mshahara wa Daily Mail na matumizi yanayoupita mshahara huo. Anaandika riwaya yake ya kwanza, The Four Just Men. Hakutaka kugawana faida na mchapishaji, akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Tallis Press.

Riwaya yenyewe inastahili kukaa nayo kidogo, kwa kuwa mtego wote umo ndani yake. Kuna watu wanne wanaojiona waamuzi wa haki pale sheria inaposhindwa: Manfred, Gonsalez, Poiccart, na Thery waliyemkodi kuziba pengo la mwenzao aliyekufa. Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Sir Philip Ramon, anataka kupitisha muswada utakaoruhusu wakimbizi wa kisiasa kurudishwa makwao, ambako wengine watauawa. Wanne hao wanamwandikia: uondoe muswada, la sivyo utakufa. Wanamtajia mpaka saa. Waziri hatikisiki. Si mtu mwovu. Ni mtu mgumu, baridi, anayeamini anatimiza wajibu wake. Polisi wanaifunga mitaa, wapelelezi wanajaa ndani ya nyumba, naye anajifungia chumbani peke yake. Saa inafika. Mlango unapovunjwa, waziri ni maiti.

Riwaya nyingi za upelelezi zinamficha muuaji. Wallace hakumficha. Ukisoma unamjua atakayeuawa, watakaomuua, sababu, na saa. Kimebaki kitu kimoja tu hukijui: vipi? Kwa maoni yangu huu ndio ugunduzi mkubwa wa kitabu hiki. Taharuki haikuhitaji giza totoro. Ilihitaji kila kitu kiangazwe isipokuwa kona moja, halafu msomaji akazwe macho kwenye kona hiyo huku saa ikigonga. Tena jambo lenyewe halikuwa la kufikirika tu. Mwaka huohuo wa 1905 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia wageni kuingia nchini, na mjadala wa wakimbizi ulikuwa mdomoni mwa kila mtu. Msomaji alikuta gazeti la asubuhi na riwaya ya jioni vinazungumza jambo moja.

Sasa, kitabu chenye swali moja lililoachwa wazi kinaomba shindano. Wallace aliliona hilo. Alikitoa kitabu bila ufumbuzi, na mwishoni mwake akaweka fomu ya kukata, ambamo msomaji angeandika jinsi Sir Philip Ramon alivyouawa. Atakayepatia atalipwa. Alimwendea bosi wake, Alfred Harmsworth, mwenye Daily Mail, akitaka gazeti libebe zawadi ya pauni 1,000. Harmsworth alikataa. Mtu mwingine angeishia hapo. Wallace alipunguza zawadi hadi 500 na kuibeba mwenyewe.

Pauni 500 za wakati ule hazikuwa mchezo. Serikali ya Uingereza ilipoanza kulipa pensheni ya wazee mwaka 1909, mzee wa miaka 70 alipata shilingi tano kwa wiki, yaani pauni 13 kwa mwaka. Zawadi ya Wallace ingemlipa mzee mmoja pensheni hiyo kwa miaka 38. Naye aliiahidi bila kuwa nayo, akitegemea mauzo ya kitabu yatailipa. Kisha akatangaza kwa namna ambayo London haikuizoea kwa riwaya: mabango kwenye kuta, matangazo kwenye mabasi na magazetini. Gharama za matangazo peke yake zilipita kwa mbali fedha za zawadi.

Matangazo yalifanya kazi. Kitabu kiliuzika sana, na fomu zikaanza kumiminika.

Hapa ndipo penye sharti lililokosekana. Zawadi ziligawanywa madaraja matatu: ya kwanza pauni 250, ya pili 200, ya tatu 50. Jumla 500. Lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba kila daraja lina mshindi mmoja, au kwamba washindi wakiwa wengi watagawana. Kisheria, kila aliyepatia jibu alistahili zawadi kamili ya daraja lake. Tuseme watu sita wamepata la kwanza: hapo si pauni 250 tena, ni 1,500. Wakipatia watatu kwenye la pili, ongeza 600. Hesabu haina dari.

Na watu walipatia. Ramon aliuawa kwa umeme uliopitishwa kwenye waya wa simu; alishika simu, umeme ukamuua. Samahani kama nimekuharibia, lakini kisa hiki hakichambuliki bila jibu hilo. Leo linaonekana rahisi. Mwaka 1905 simu ya nyumbani ilikuwa bado kifaa cha wachache, na naamini Wallace alitegemea ugeni huo umlinde. Alisahau kwamba ugeni ndio unaowafanya watu wakitazame kitu. Chumba kimefungwa, walinzi wamejaa, dirisha limetazamwa. Msomaji mtulivu anajiuliza ni kitu gani kinachopita ukutani bila kufungua mlango. Waya. Mwandishi aliyetega kwa haki, akaacha dalili za kweli, lazima ategemee kuteguliwa, na Wallace alitega kwa haki. Namheshimu kwa hilo. Angeweza kubuni sumu ya ajabu isiyojulikana na kiumbe, akaokoa fedha zake na kumdhulumu msomaji.

Wiki zikapita bila orodha ya washindi. Mwaka 1906 ukaingia, orodha hakuna. Waliotuma fomu wakaanza kuuliza, kisha kulalamika, na minong'ono ya utapeli ikaanza. Wallace hakuwa tapeli. Hakuwa na fedha, basi. Tatizo ni kwamba jina la Daily Mail lilikuwa limeshanatana na jina lake, na Harmsworth, ambaye Desemba 1905 alikuwa ametunukiwa ubaroni wa Northcliffe, hakutaka harufu hiyo imfuate. Mtu aliyekataa kutoa pauni 1,000 za zawadi akajikuta anamkopesha Wallace fedha nyingi ili washindi walipwe na orodha itoke.

Kitabu kikauzika kwa maelfu, mwenye kitabu akaingia hasara. Ili kupata chochote cha kupunguza shimo, Wallace aliuza haki zote za The Four Just Men kwa mchapishaji mwingine kwa bei isiyofika pauni 100. Kitabu hicho kinachapishwa mpaka leo.

Sasa lile swali: mtu wa leso za Vereeniging alikosaje sharti la mstari mmoja?

Jibu langu ni kwamba mpango wa leso ulikuwa na watu kadhaa ndani yake. Rafiki penye uzio, mtu wa kupokea ujumbe Johannesburg, mhariri London. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kuuliza, je, hili likienda kombo? Katika shindano Wallace alikuwa mwandishi, mchapishaji, mtangazaji, mweka hazina na mwamuzi. Kofia tano, kichwa kimoja. Mashindano ya magazeti ya wakati ule yalipita mikononi mwa watu ambao kazi yao ilikuwa kusoma masharti kwa macho ya mshtaki. Harmsworth alipokataa hakumnyima Wallace fedha tu, alimnyima na macho hayo. Wengi wanaosimulia kisa hiki wanacheka ujinga wa mtu mmoja, mimi naona ofisi isiyokuwapo.

Nina na sababu ya pili. Wallace alikuwa bingwa wa mwanzo. Tazama anavyofungua riwaya zake: ndani ya kurasa chache umeshanaswa. Nguvu yote aliimalizia kwenye mtego wa kuingilia, na mlango wa kutokea akauacha ujitengeneze. Wakosoaji wamelalamikia miisho yake ya haraka na mambo yanayosahaulika katikati ya kitabu. Shindano lile lilikuwa riwaya ya Wallace iliyoandikwa kwa fedha: mwanzo wa kusisimua, mwisho usiopangwa.

Baada ya hapo mambo yalifuatana upesi. Kampuni ya sabuni ya Lever ilishtaki Daily Mail kwa kashfa, na miongoni mwa habari zilizolalamikiwa zilikuwamo za Wallace. Mwaka 1907 gazeti lililipa pauni 50,000. Mwaka huohuo alitumwa Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambako watu walikuwa wakikatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira. Aliporudi akafukuzwa kazi, na jina lililokwishatiwa doa mara mbili halikupata mlango mwingine Fleet Street. Mhariri wa jarida la hadithi, Isabel Thorne, akamshauri aitumie safari ile kuandika hadithi. Zikazaliwa hadithi za Sanders, ofisa Mwingereza anayetawala watu wa mtoni kwa bunduki na kitanzi, ambazo ziliingia kitabuni mwaka 1911.

Sina njia ya kuzipamba hadithi hizo. Mtu aliyekwenda Kongo na kusikia yaliyofanywa na utawala wa kikoloni alirudi akaandika sifa za utawala wa kikoloni, na Waafrika wake ni watoto wa kuchapwa. Filamu ya mwaka 1935 iliyotokana nazo ilimwuma Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mmarekani Mweusi aliyeigiza ndani yake, hata akaikana hadharani. Na Jomo Kenyatta, wakati huo akiishi London, alionekana humo katika nafasi ndogo. Naandika haya kwa uchungu, kwa sababu ninayempenda kwa ufundi wake ni huyuhuyu. Hadithi hizo zilimlipa, naye alikuwa anadaiwa. Hiyo inaeleza, haisafishi.

Kuanzia hapo utaratibu wa maisha yake ukawa mmoja. Anapata, anatumia zaidi ya alichopata, hasa kwenye mbio za farasi, anadaiwa, anaandika ili alipe. Mara nyingi aliuza haki za kitabu moja kwa moja kwa kiasi kidogo, kama alivyouza The Four Just Men, badala ya kusubiri mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika kila nakala inayouzwa. Mwenye njaa ya leo hasubiri mavuno. Mwaka 1921 kampuni ya Hodder and Stoughton ilimchukua na kumsimamia ipasavyo, ikamlipa mrabaha, ikapanga matangazo na kuandika mikataba. Baada ya miaka 16, ile ofisi iliyokosekana ikapatikana, na umaarufu wake ukapanda kama moshi.

Jinsi alivyofanya kazi inanisisimua kuliko hata baadhi ya riwaya zake. Hakuandika, alisema. Alikaa na mashine ya kurekodia sauti kwenye mitungi ya nta, sigara kwenye kishikio kirefu, kikombe cha chai yenye sukari nyingi kikifuatiwa na kingine, akaisimulia riwaya kwa sauti. Makatibu wakaipiga chapa. Tamthilia ya On the Spot, iliyomwinua mwigizaji Charles Laughton mwaka 1930, aliimaliza kwa siku nne. Riwaya nzima ya The Devil Man ilitoka kwa saa 60 hivi. Ndiyo maana sentensi zake zina pumzi ya msimulizi aliyekaa mbele yako. Ndiyo maana pia zina makosa ya mtu asiyerudi nyuma kusoma.

Kuna jambo moja hakulirudia. Katika vitabu vingi vilivyofuata hakuweka tena uzito wote juu ya swali la vipi. Alihamia kwenye mwendo: hatari ikitoka inaingia nyingine, mtu anayejificha, mlango unaofunguka saa mbaya. Nadhani fomu zile zilimfundisha kwamba msomaji akipewa muda wa kutulia atakushinda, kwa hiyo usimpe muda. Taharuki yake ya baadaye ni ya mtu aliyewahi kuteguliwa.

Mwaka 1931 aligombea ubunge Blackpool kwa chama cha Liberal, akashindwa kwa zaidi ya kura 33,000. Akavuka bahari kwenda Hollywood kuandika filamu, na alikuwa ameshaandika rasimu ya mwanzo ya hadithi ya King Kong aliposhikwa na homa ya mapafu juu ya kisukari kisichogunduliwa. Alifariki Beverly Hills tarehe 10 Februari 1932, akiwa na miaka 56. Madeni aliyoyaacha yaliwatisha warithi. Lakini safari hii haki nyingi zilikuwa bado mikononi mwake, na mrabaha wa vitabu vyake ukayalipa yote ndani ya miaka michache. Baadaye Wajerumani walimpenda kuliko hata wenyewe Waingereza, wakatengeneza filamu zaidi ya 30 kutokana na vitabu vyake kuanzia 1959.

Nakala za kwanza za The Four Just Men za mwaka 1905 bado zinauzwa mnadani. Wanunuzi hufungua kwanza kurasa za mwisho, kuangalia kama fomu ya shindano ipo. Nakala yenye fomu ina thamani zaidi. Ni nakala ya mtu aliyesoma mpaka mwisho, akamwona Ramon amekufa ndani ya chumba kilichofungwa, na asichukue mkasi.